Kisanduku cha Nuru Isiyoonekana: Kujenga Taa ya Urujuanimno kwa Kuchapa Picha za Buluu

Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitawanya nuru ya jua kwa mche wa kioo, kisha akaweka kipimajoto nje ya ukanda wa rangi, upande wa nyekundu. Kipimajoto kilipanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Mwaka uliofuata, katika mji wa Jena huko Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aliujaribu upande wa pili. Aliweka karatasi yenye kloridi ya fedha nje ya rangi ya urujuani, nayo ikageuka nyeusi upesi zaidi kuliko ilivyogeuka ndani ya rangi zenyewe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa kuna nuru nyingine kuvuka urujuani, ambayo leo tunaiita urujuanimno. Mwaka 1842 John Herschel, mwana wa yule William, aliitumia nuru hiyo katika njia mpya ya kuchapa picha kwa chumvi za chuma badala ya chumvi za fedha. Picha zilizopatikana zilikuwa za rangi ya buluu iliyokolea. Kwa miaka mingi wahandisi na wachoraji wa majengo walinakili michoro yao kwa njia hiyo hiyo.

Njia hiyo ni rahisi, haihitaji chumba cha giza kamili, na kemikali zake ni mbili tu. Kwa sababu hiyo yafaa sana kwa maabara za shule zetu za sekondari. Kinachohitajika ni nuru ya urujuanimno iliyo thabiti. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujenga kisanduku kinachotoa nuru hiyo, na sababu ya kila kipimo kilichochaguliwa. Kanuni moja itajirudia tangu mwanzo hadi mwisho: katika kazi hii jicho si kipimo. Taa inayong'aa sana yaweza kuwa haifai kitu, na taa inayoonekana hafifu yaweza kuchapa picha vizuri. Au yaweza kuunguza macho ya mwanafunzi. Asiyeifahamu kanuni hii asianze ujenzi.

Nuru na nishati yake

Nuru husafiri kwa mawimbi, na rangi yake hutegemea urefu wa wimbi. Urefu huo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kuanzia nanomita 400 hivi, ambayo ni urujuani, hadi karibu nanomita 700, ambayo ni nyekundu. Mawimbi mafupi kuliko 400 ni ya urujuanimno, na wanasayansi huyagawa katika mafungu matatu: fungu A, kuanzia nanomita 315 hadi 400; fungu B, kuanzia 280 hadi 315; na fungu C, kuanzia 100 hadi 280.

Nuru haitoi nishati yake kama maji yanayomiminika bila kukatika. Huitoa kwa vipande viitwavyo fotoni. Nishati ya fotoni moja ni E = hc/λ, ambapo h ni kiwango cha kudumu cha Planck (6.63 × 10⁻³⁴), c ni kasi ya nuru, na λ ni urefu wa wimbi. Kwa wimbi la nanomita 365 tunapata kama 5.4 × 10⁻¹⁹ jouli. Kwa nuru nyekundu ya nanomita 650 tunapata 3.1 × 10⁻¹⁹ jouli tu. Na kwa wimbi la nanomita 254 tunapata 7.8 × 10⁻¹⁹ jouli.

Tofauti hii ndiyo kiini cha somo. Mmenyuko wa kikemia unaosababishwa na nuru huanza pale fotoni moja inapogonga molekuli moja kwa nishati ya kutosha. Fotoni dhaifu haziwezi kuchangiana. Chukua mfano wa watoto mia moja wanaoweza kuruka mita moja kila mmoja, mbele ya ukuta wa mita moja na nusu. Hata wakirudia kuruka mchana kutwa hakuna atakayevuka. Lakini akija mmoja awezaye kuruka mita mbili, atavuka mara moja. Ndivyo ilivyo kwa karatasi yetu. Nuru nyekundu, hata iwe kali namna gani, haiichapi.

Kinachotokea katika karatasi

Karatasi hupakwa mchanganyiko wa miyeyusho miwili: feri amonia sitrati na potasiamu ferisianidi. Katika chumvi ya kwanza chuma kimo katika hali ya feri, yaani Fe³⁺. Fotoni ya urujuanimno inapofika, sitrati hutoa elektroni, nayo Fe³⁺ hubadilika kuwa fero, yaani Fe²⁺. Fero hiyo huungana na ferisianidi na kufanya rangi ya buluu ya Prussia, isiyoyeyuka katika maji. Mahali ambapo nuru haikufika, chumvi zote mbili hubaki zikiyeyuka, na maji huziondoa. Kwa hiyo maji matupu ndiyo yanayoidumisha picha.

Mwalimu wa kemia atatambua kwamba mmenyuko huu wanafunzi wanaufahamu tayari. Ndio ule tunaoutumia kupima kama mmumunyo una Fe²⁺: tone la potasiamu ferisianidi hutoa buluu. Tofauti ni kwamba hapa Fe²⁺ haitoki katika chupa, bali huumbwa na nuru, mahali pale pale ilipoangukia.

Karatasi hii husikia zaidi mawimbi ya kati ya nanomita 300 na 400, na kwa udhaifu husikia pia urujuani na buluu inayoonekana. Basi lengo letu ni taa inayotoa nuru nyingi karibu na nanomita 365.

Kwa nini tusitumie jua?

Jua latosha, na yeyote asiye na umeme na atumie jua bila wasiwasi. Wakati wa adhuhuri, anga ikiwa safi, jua la nchi zetu hutoa karibu watt 50 hadi 60 za urujuanimno wa fungu A kwa kila mita mraba, nayo picha huchapika kwa dakika chache. Lakini jua halitulii. Wingu likipita, kipimo hushuka. Saa kumi alasiri miale hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko saa sita mchana. Na wakati wa masika siku nzima yaweza kupotea. Mwanafunzi akichapa picha mbili kwa dakika kumi kila moja na kupata matokeo mawili, hajui kama kilichobadilika ni dawa, karatasi, au mbingu.

Hilo ndilo jambo kubwa. Jaribio la kisayansi hutaka tubadilishe jambo moja na kuyashika mengine yote yasibadilike. Taa ya kisanduku ni dhaifu kuliko jua la adhuhuri, lakini ya leo ni sawa na ya kesho. Uthabiti huo una thamani kuliko ukali.

Kuchagua taa: hapa ndipo penye hatari

Mirija ya taa, ambayo mafundi huiita tyubu, yote hufanya kazi kwa njia moja. Ndani yake mna mvuke wa zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, zebaki hutoa hasa wimbi la nanomita 253.7, ambalo ni la fungu C. Ukuta wa ndani wa mrija hupakwa unga unaolimeza wimbi hilo na kutoa jingine refu zaidi. Unga ndio unaoamua tabia ya taa. Kwa sababu hiyo mirija mitatu yenye urefu mmoja, watt zile zile na miguu ile ile ya kuchomeka yaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa.

Wa kwanza ni mrija wa kuangazia nyumba. Unga wake hutoa nuru nyeupe, na urujuanimno unaotoka ni mdogo mno. Unaangaza kuliko yote, na kwa kazi yetu haufai.

Wa pili ni mrija wa fungu A, ambao unga wake hutoa mawimbi ya karibu nanomita 350 hadi 370. Huu ndio uliomo katika mitego ya nzi inayotundikwa katika mabucha na majiko ya hoteli, kwa kuwa wadudu huvutwa na nuru hiyo. Ukizimwa huonekana mweupe kama wa kawaida. Ukiwashwa hutoa mwanga hafifu wa samawati. Mara nyingi huandikwa herufi BL, pamoja na tarakimu kama 350, 365 au 368. Ule ulioandikwa BLB una kioo cheusi kinachozuia nuru ionekanayo. Nao huchapa, lakini kioo hicho huongeza bei bila kuongeza faida kwetu.

Wa tatu ni mrija wa kuulia vijidudu. Huu hauna unga wowote; kioo chake ni cheupe kinachopenya, hata nyaya za ndani huonekana. Wimbi la nanomita 254 hutoka lote kama lilivyo. Huandikwa UVC, au TUV, au kwa herufi G kama G15T8. Tangu mlipuko wa korona mwaka 2020 mirija hii imeenea sana madukani. Hutoshea barabara katika holda ya mrija wa pili na huwaka kwa choki ile ile. Muuzaji anayeombwa „taa ya urujuanimno" bila maelezo zaidi aweza kuutoa huu, wala hatakuwa amedanganya.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu ng'ambo, nilisimama karibu na taa ya namna hii kwa dakika chache nikirekebisha kifaa, nikidhani kuwa rangi yake hafifu ni dalili ya upole. Hadi jioni sikusikia lolote. Usiku wa manane niliamka macho yakiuma kama yaliyotiwa mchanga, nisiweze kutazama hata taa ndogo ya kando ya kitanda. Maumivu yaliisha baada ya siku mbili. Ngozi ya juu ya jicho ilikuwa imeungua, na kuungua huko huchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa, baada ya madhara kwisha kutendeka. Mwanafunzi aliyekaa darasani mbele ya mrija kama huo hatapata onyo lolote la kumfanya afumbe macho.

Kwa hiyo mwalimu na aifanye sheria: mrija usio na unga, au usio na maandishi yanayosomeka, usiingie katika kisanduku. Wala asidanganywe na jaribio la karatasi nyeupe au noti kung'aa mbele ya taa. Kung'aa huko kwathibitisha kuwa urujuanimno upo, lakini hakuoneshi ni wa fungu gani.

Kuna pia taa za LED za urujuanimno, zinazouzwa kama mikanda ya volti 12. Hazina zebaki, na volti yake ni salama kwa mikono ya wanafunzi. Tena, chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, iliamuliwa mwaka 2023 kuwa mirija ya kawaida ya kuangazia iachwe hatua kwa hatua hadi mwaka 2027, kwa hiyo LED zitazidi kutumika. Iliyo bora ni ya nanomita 365. Mikanda ya bei nafuu ni ya 395 hadi 405. Nayo huchapa, ila kwa muda mrefu zaidi.

Hesabu ya nafasi

Wengi hukumbuka kanuni ya kwamba ukali wa nuru hupungua kwa mraba wa umbali, wakadhani kuwa mirija ikisogezwa mbali mara mbili muda utaongezeka mara nne. Kanuni hiyo ni ya chanzo kidogo kama nukta. Mirija mingi iliyopangwa sambamba ni kama dari zima linalowaka. Ukiwa karibu nayo, umbali hubadilisha ukali kidogo tu.

Linalobadilika sana ni usawa wa nuru. Tuseme nafasi kati ya kitovu cha mrija mmoja na cha unaofuata ni p, na umbali wa kutoka kitovu cha mrija hadi karatasi ni h. Karatasi ikiwa karibu mno, sehemu iliyo chini ya mrija hupata nuru nyingi na sehemu ya katikati hupata kidogo, na picha hutoka na mistari. Kwa mirija mingi mirefu, hesabu hutoa uwiano huu wa sehemu yenye nuru nyingi kwa sehemu yenye nuru kidogo: h ikiwa robo ya p, uwiano ni 2.3; h ikiwa nusu ya p, ni 1.19, na h ikiwa sawa na p, ni chini ya 1.01. Basi kanuni ya kukumbuka ni hii: umbali wa karatasi usiwe mdogo kuliko nafasi iliyo kati ya mirija. Kanuni hii yafaa pia kwa mikanda ya LED.

Lakini kuzidisha umbali nako kuna hasara, kwa sababu ukali wa pembeni hupungua. Kwa mirija sita yenye nafasi ya sentimita 4 na umbali wa sentimita 6, mahali palipo sentimita 8 kutoka katikati hupata nuru pungufu kwa asilimia 15 hivi, ikiwa kuta haziakisi kitu. Kwa hiyo mirija sita yatosha karatasi ya A5. Kwa karatasi ya A4 panga mirija minane.

Ujenzi

Vifaa ni hivi: mirija sita ya BL ya watt 15, yenye urefu wa karibu sentimita 45, holda kumi na mbili, choki sita na stata sita zilizoandikwa kwa watt hizo, plaiwudi ya milimita 12, karatasi ya alumini, kioo cha dirisha cha milimita 3, waya wenye nyuzi tatu, swichi, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 5.

Tengeneza kisanduku chenye urefu wa ndani wa sentimita 52 na upana wa ndani wa sentimita 28. Funga holda chini ya kifuniko, kitovu hadi kitovu kikiwa sentimita 4, na kitovu cha mrija kiwe sentimita 3 kutoka katika mbao. Choki hupata joto, kwa hiyo zifungwe juu ya kifuniko, nje ya chumba cha nuru, na zifunikwe kwa bati lenye matundu. Chini weka droo ya kubebea karatasi, ili uso wa karatasi uwe sentimita 6 chini ya vitovu vya mirija. Kila upande wa mwisho toboa matundu machache ya hewa, na uyakinge kwa kibao ili nuru isitoke moja kwa moja.

Kuta za ndani zifunikwe kwa karatasi ya alumini. Wengi wangependelea rangi nyeupe, lakini hapa jicho linatudanganya tena. Rangi nyeupe za kisasa nyingi zina oksidi ya titani, ambayo huakisi nuru ionekanayo na kumeza urujuanimno. Ukuta ulio mweupe kwetu ni mweusi kwa karatasi yetu. Alumini huakisi nuru zote mbili.

Kuhusu umeme, mwanafunzi angepiga hesabu kwamba watt 90 zikigawanywa kwa volti 230 hutoa ampea 0.4. Kwa kweli kila mrija huvuta karibu thuluthi moja ya ampea, na mirija sita huvuta karibu ampea 2. Sababu ni kwamba choki ni koili, na koili huuchelewesha mkondo nyuma ya volti. Sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Ni mfano mzuri kwa wanafunzi wa umeme wa mkondo geu. Waya wa ardhi uunganishwe na bati la choki na alumini yote. Kazi ya kuunganisha umeme wa nyumbani na ifanywe au ikaguliwe na fundi umeme mwenye sifa. Mwishowe, weka swichi ya kubonyezwa itakayokata umeme mara droo inapovutwa.

Usalama wakati wa matumizi

Fungu A ni pole kuliko mengine, lakini si la kuchezea. Taa isiwashwe kisanduku kikiwa wazi, na asiwepo wa kuchungulia matunduni. Wanafunzi wenye ualbino, ambao ngozi na macho yao hayana kinga ya kutosha ya melanini, wasikae mbele ya nuru hii hata kwa muda mfupi. Nao wanaweza kufanya kazi zote nyingine za jaribio. Mrija ukivunjika, fungua madirisha, toa watu nje kwa robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe bila kufagia, kwa kuwa ufagio hutawanya zebaki. Potasiamu ferisianidi isichanganywe na asidi kali wala kuchomwa motoni, kwani yaweza kutoa gesi yenye sumu kali.

Kuchapa na kupima muda

Yeyusha gramu 25 za feri amonia sitrati katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Weka miyeyusho hiyo katika chupa mbili za rangi ya kahawia. Unapotaka kuchapa, changanya vipimo sawa, paka kwa brashi juu ya karatasi nzito ya kuchorea, na uikaushe gizani. Kazi hii yaweza kufanywa chini ya taa hafifu ya kawaida, mbali na dirisha.

Washa taa kwa dakika tano kabla ya kuanza, kwa sababu mirija baridi haijafikia kipimo chake. Kwa kuwa swichi ya droo hukata umeme, pasha mirija droo ikiwa tupu na imefungwa, kisha weka karatasi upesi. Juu ya karatasi weka jani, au unyoya, au negativu. Juu yake weka kioo. Kioo cha dirisha hupitisha sehemu kubwa ya nanomita 365, na huzuia karibu yote yaliyo chini ya 300.

Muda haukisiwi, hupimwa. Chukua utepe wa karatasi iliyopakwa dawa, uugawe sehemu tano, na kwa kipande cha kadibodi uzifunue ili zipate dakika 2, 4, 8, 16 na 32. Kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia, kwa sababu karatasi huitikia uwiano wa nuru na si nyongeza yake. Osha katika maji, ukiyabadilisha, hadi rangi ya manjano iishe. Buluu itazidi kukolea siku moja au mbili inapopata oksijeni ya hewa. Matone machache ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 katika maji ya mwisho huiharakisha. Muda unaofaa ni ule mfupi kuliko yote unaotoa buluu ambayo hatua inayofuata haiizidishi. Uandike juu ya kisanduku.

Majaribio kwa darasa

La kwanza: weka vipande tisa vya karatasi iliyopakwa dawa mahali tisa ndani ya droo, na uvichape kwa nusu ya muda uliopatikana. Tofauti za buluu ni ramani ya usawa wa nuru. Je, pembe zinalingana na hesabu yetu?

La pili: kusanya miwani ya jua ya namna mbalimbali, pamoja na ile inayouzwa barabarani. Weka lenzi juu ya karatasi na uchape. Lenzi inayozuia urujuanimno itaacha mahali peupe. Isiyozuia itaacha buluu. Jaribio hili lina faida nje ya darasa. Lenzi nyeusi isiyozuia urujuanimno yaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa miwani, kwani giza lake hufanya mboni kupanuka na kuipokea nuru hiyo kwa wingi zaidi. Weusi wa lenzi haukuambii lolote, karatasi itakuambia.

La tatu: chapa majani, au mwani kwa shule za pwani. Anna Atkins, mwanabotania wa Uingereza, alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha mwani kilichochapwa kwa njia hii. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vyenye picha za nuru. Herbaria ya shule yaweza kujengwa vivyo hivyo.

Maswali

1. Kokotoa nishati ya fotoni yenye wimbi la nanomita 395. Kwa nini mkanda wa LED wa wimbi hilo huchapa polepole kuliko wa 365?

2. Mikanda ya LED imepangwa kwa nafasi ya sentimita 2.5. Karatasi iwe umbali gani angalau?

3. Mwanafunzi amepaka rangi nyeupe ndani ya kisanduku, na muda wa kuchapa umeongezeka. Eleza.

4. Umepewa mirija miwili isiyo na maandishi, mmoja una unga na mwingine hauna. Utafanya nini na kila mmoja, na kwa sababu gani?

Ritter hakuiona nuru aliyoigundua; aliiacha karatasi imwambie. Mwanafunzi atakayejifunza kuiuliza karatasi kabla ya kuliamini jicho atakuwa amepata somo litakalomfaa hata baada ya kisanduku hiki kuchakaa. Na swali la nne, mwalimu, lisipite bila kila mmoja kulijibu kwa kinywa chake mwenyewe kabla swichi haijawashwa.